Dakika Hamsini Mpaka Wajir

Fatumo Billow haamini saa. Ya ukutani, ya mkononi, ya simu, zote kwake ni vidude vya kudanganya watu wasio na kazi. Anachoamini ni maziwa. Maziwa ya ngamia yakikamuliwa Alfajiri na kutiwa kwenye jerikeni iliyofukizwa moshi vizuri hukaa matamu mpaka karibu na Alasiri, kisha huanza kugeuka. Ukimwuliza ni saa ngapi, hufungua kifuniko, hunusa, na kukuambia kama Adhuhuri imepita. Miaka kumi na minne nimeuza maziwa kando yake hapa Galbet, mjini Garissa, na sijamwona akikosea kwa zaidi ya muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani ninayemsimulia ni mjinga. Si mjinga. Ni mkaidi, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Mimi naitwa Leyla. Meza yangu na yake zimeshikana, mwavuli wetu ni mmoja, na hata ugomvi wetu ni mmoja tu, ambao kila asubuhi tunauendeleza pale tulipouacha jana. Fatumo ni mrefu, mkono wake mzito, na mteja mgeni humkodolea macho kama mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Jerikeni zake huzifukiza mwenyewe kwa vijiti anavyovichagua kimoja kimoja. Mtu akimsaidia humwambia asante, kisha huirudia kazi yote upya. Mumewe alifariki akamwachia mtoto mmoja, Ilhan, na kwa maziwa hayo hayo akamsomesha mpaka akawa mwalimu wa chekechea. Sijui mama mwingine hapa Galbet anayempenda mwanawe kiasi hicho na kuonyesha kidogo kiasi hicho.

Sasa nieleze kilichomwuma. Miaka minne iliyopita mama yake, Bibi Sharifo, alifariki mjini Wajir. Alikata roho kabla ya Alfajiri, siku ya Jumatano. Simu ikaja saa kumi na mbili asubuhi. Jamaa walimwuliza Fatumo, utafika? Tutakusubiri mpaka Alasiri, zaidi ya hapo hatuwezi. Sisi hatulazi maiti. Mtu akifa asubuhi, jua halitui kabla hajazikwa, na mwanamke huoshwa na wanawake, binti yake kwanza kama yupo. Fatumo aliitazama barabara. Basi lilikuwa limeshaondoka, mvua ilikuwa imeikata njia huko mbele, na hata njia ikiwa nzuri safari ile ni ya kutwa. Akawaambia, zikeni. Bibi Sharifo akaoshwa na jirani. Fatumo alifika siku ya tatu, akakaa na wafiwa wiki moja, akarudi kwenye maziwa yake. Hakulizungumza tena.

Hakulizungumza, lakini alilitungia sheria. Binti yake, alisema, ataolewa mahali ambapo maziwa ya Alfajiri yanafika yangali matamu. Basi. Yeye akifa Alfajiri, Ilhan afike kabla ya Alasiri amwoshe kwa mikono yake. Hataki jirani. Kijana mmoja wa Mandera alikuja na wazee wake wakarudishwa kabla chai haijapoa. Mwingine alitoka Moyale, huyo hata chai hakuiona. Watu walisema Fatumo atamzeesha mtoto wa watu nyumbani. Mimi pia nilisema, tena nilimwambia usoni, akaninunia siku mbili.

Ndipo akaja Guled. Guled ni daktari wa mifugo. Kwao ni Eldas, kazi yake iko Eldas, na ngamia wa baba yake wako huko huko, kwa hiyo hakukuwa na ujanja wa kusema atahamia Garissa. Yeye na Ilhan walijuana chuoni. Adeer yake Ilhan, ndugu wa baba yake, Abdinoor, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, alikuwa ameshakubali, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu angefunga nikaha ile bila Fatumo kutia neno lake. Nami nilikuwapo kikaoni, nikimimina chai na kutega masikio.

"Eldas ni mbali," Fatumo akasema, hata salamu hazijakauka.

"Eddo, naomba niseme," Guled akajibu, akimwita shangazi kwa heshima. "Kwa barabara ni mbali, sibishi. Garissa mpaka Wajir tu ni zaidi ya kilomita mia tatu. Lakini ndege haifuati barabara. Kutoka kiwanja cha Garissa mpaka kiwanja cha Wajir ni kilomita mia mbili na hamsini hivi. Dakika hamsini. Na Wajir mpaka Eldas kwa gari langu ni saa mbili. Safari yote haifiki saa tatu."

"Nani amekuambia?"

"Imeandikwa hapa, eddo." Akamwonyesha simu.

"Hiyo simu yako imewahi kukamua ngamia?"

Wazee wakacheka. Guled hakucheka, na hapo nikaanza kumpenda. "Haijawahi, eddo."

"Basi irudishe mfukoni." Fatumo akaikunja ncha ya jilbabu lake. "Nitapanda hiyo ndege na maziwa yangu. Yatakamuliwa Alfajiri, Leyla akiwa shahidi. Yakifika Eldas matamu, mchukue Ilhan. Yakifika yamegeuka, nisamehe na usirudi."

"Mbona mimi?" nikauliza.

"Kwa sababu ulimi wako hauwezi kuficha kitu."

Jumamosi Guled alitangulia kwa basi ili atupokee Wajir na gari lake, na Jumapili jioni nikamwona Ilhan akiifukiza ile jerikeni ya safari mara ya pili kwa siri, baada ya mama yake kumaliza. Macho yake yalikuwa mekundu na si kwa moshi. Mama yake alimwona pia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Fatumo aliacha kazi ya mtu mwingine kama ilivyo.

Jumatatu, maziwa yalikamuliwa tukiwa tumetoka kuswali. Saa tatu na nusu tulikuwa kiwanja cha ndege, mimi nimevaa viatu vya arusi, Fatumo amevaa vya sokoni. Msukosuko ulianza kwenye mzani. Ndege ile ni ndogo, ya abiria kumi na wawili, na kila abiria hupimwa uzito pamoja na mzigo wake. Fatumo akagoma.

"Mimi nabimwa kwa nini?" akamwuliza yule kijana wa mzani kwa Kiswahili chake. "Hata mbuzi ya Garissa habimwi, nauzwa kwa macho tu."

"Ni sheria, mama. Ndege lazima ijue uzito."

"Ndege atajua mimi tukiwa juu."

Nilimsukuma kwa nyuma akapanda mzani. Kisha askari akaiona jerikeni. Akauliza ni nini, akaambiwa maziwa. Akasema mama anywe kidogo aone.

"Kunywa wewe," Fatumo akasema. "Mimi sigusi mbaka Eldas."

Askari akanywa. Akafikiri. Akaomba tena, akanyimwa, tukapita.

Ndani ya ndege Fatumo aliipakata jerikeni, akafunga mkanda juu yake, akatoa tasbihi. Alikuwa na mpango wake. Safari yake ya mwisho kwa basi alivuta tasbihi mpaka kidole kikachubuka na bado Habaswein haijaonekana, na hata ukifika Habaswein bado njia haijaisha. Kwa hiyo alisema tasbihi ndiyo itakayomwambia ukweli. Mimi mipango yangu yote iliniishia pale ndege ilipoachana na ardhi. Nilipiga yowe ambalo mpaka leo abiria mmoja akinikuta sokoni hunikumbusha. Nilipofumbua macho, Garissa yote ingetosha kwenye sinia, na mto Tana ulikuwa umeshabaki nyuma, kijani chembamba katikati ya kahawia.

"Ishirini na nane, ishirini na tisa," Fatumo alikuwa akihesabu, hata dirishani haangalii.

Hakukuwa na cha kuona ila miti ya miiba na njia za mifugo. Nikaanza kuzoea. Nikaanza hata kufikiria kulala. Mzee aliyekaa mbele yetu akageuka, akagonga kioo na kusema kwa Kisomali, "Habaswein ile."

"Muongo," Fatumo akasema.

"Wallahi, abaayo, dada yangu. Tazama mabati yale, tazama barabara."

Fatumo akatazama. Akaacha kuhesabu. Alizaliwa upande ule, na alipokuwa mtoto, mwaka wa ukame, yeye na mama yake waliswaga ngamia waliobaki kutoka Habaswein mpaka Garissa kwa miguu. Hadithi hiyo nimeisikia mara mia. Walitembea usiku kwa sababu ya jua, na ndugu yake mdogo hakufika.

"Usiku tisa," akaniambia. "Tisa, Leyla." Akaweka kidole gumba chake kwenye kioo, na Habaswein yote ikafichika chini ya kidole. Akakiondoa, akakiweka tena. Nikageuza uso, maana Fatumo si mtu wa kutazamwa hivyo.

Hata hajapata nafasi ya kurudia hesabu, mngurumo ukabadilika. Ndege ilikuwa inashuka.

"Imeharibika," Fatumo akasema.

"Inashuka tu."

"Inashuka wapi? Hatujafika popote!" Akaikumbatia jerikeni na kuanza kutoa shahada kwa sauti. Nami nikatoa. Nyuma yetu mtu mwingine akatoa, nadhani kwa kutuogopa sisi. Magurudumu yakagonga, tukarushwa, tukatulia. Mlango ukafunguliwa, joto likaingia, lile lile tuliloliacha.

Abiria wote walishuka. Fatumo hakushuka. Rubani, kijana wa Nairobi mwenye adabu zake, akaja kumsaidia na mkanda.

"Bailoti," Fatumo akamwambia kwa upole wa hatari, "wewe nazunguka na sisi huko juu, halafu narudisha sisi Garissa. Mimi najua."

"Mama, hapa ni Wajir."

"Wajir iko mbali."

"Umefika, mama. Tumechukua dakika hamsini na mbili, kulikuwa na upepo."

Nikamwonyesha Guled, amesimama kando ya uzio karibu na gari lake, anapunga mikono miwili. "Yule ni nani?"

"Guled hata wiki iliyopita alikuwa Garissa," akasema. "Anaweza kuwa Garissa tena."

Mtu akishakataa macho yake mwenyewe utamfanyaje? Nilimvuta mkono akashuka, akatazama mchanga, akatazama miti, akasema michanga yote ni michanga. Kwenye kibanda cha kungojea kulikuwa na mwanamke akifagia, Mborana wa pale pale Wajir, baadaye alituambia anaitwa Gumato. Fatumo akamwendea moja kwa moja.

"Dada, nibe maji. Si ya chuba. Ya kisima."

Gumato akamtazama, akamtazama tena, akammiminia kikombe kutoka kwenye dumu lake. Fatumo akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni. Maji ya visima vya Wajir yana chumvi. Aliyeyanywa mara moja hawezi kuyachanganya na maji mengine duniani, na maji ya Garissa tunayateka mtoni, hayana chumvi hata kidogo. Nilimwona akimeza. Nilimwona akishika nguzo ya kibanda.

"Ni maji ya kwa mama," akasema.

Kisha akafungua jerikeni. Akanusa, akanusa tena, akamimina kwenye kifuniko, akaonja. Akanipa. Nakuapia, maziwa yale hayakuwa yameanza hata kufikiria kugeuka. Yalikuwa kama yalivyokuwa mezani Galbet asubuhi ile, moshi wake mdomoni na utamu wake nyuma. Tulitazamana kama watu walioibiwa. Maisha yetu yote tumeambizana Wajir ni mbali. Tumekataa arusi za huko, tumekosa aqiqa za huko, tumewalilia kwenye simu watu waliokuwa karibu hivi.

"Dakika hamsini," akasema. "Leyla, kutoka kwangu mpaka sokoni kwenye mifugo nikienda taratibu ni dakika hamsini."

Na akacheka. Ndiyo, Fatumo alicheka, akijipiga paja, machozi yanamtoka. Guled aliyekuwa amekaribia akapata ujasiri, akacheka pia. "Eddo, bado saa mbili tu za gari. Yatafika matamu."

"Yatafika," akasema. "Yatafika, mwanangu." Nilipomsikia akisema mwanangu nikajua mambo yameisha, na nikaanza kufikiria nitavaa nini.

Fatumo akamrudishia Gumato kikombe. Alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi huuliza maswali ovyo. "Dada, hii ndege naanza lini? Mwaka hii?"

"Mwaka huu wapi," Gumato akasema akiendelea kufagia. "Mimi nafagia hapa mwaka ya sita. Hii ndege niliikuta."

"Ya sita?"

"Ya sita. Inakuja Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Mimi namaliza kufagia ndio inaingia, saa tano haijafika."

Fatumo alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki pale usoni, limesahauliwa. "Jumatano," akasema.

"Jumatano, ndiyo."

Mimi kichwa changu ni kizito kidogo, kwa hiyo kwanza sikuelewa kwa nini mkono wake ulinishika hivyo. Kisha nikaelewa. Ndege ya Jumatano. Tunaijua ndege ya Jumatano. Kila Jumatano, siku ya soko la mifugo, yapata saa nne, ndege ndogo nyeupe hupita juu ya Galbet ikielekea kaskazini, na ikipita sisi tunajua jua limeshazunguka na ni wakati wa kusogeza mwavuli. Fatumo mwenyewe, asiyeamini saa, aliiamini ile. Miaka na miaka tumesogeza mwavuli chini yake, na hata siku moja hatukuulizana inakwenda wapi. Tulidhani ni ya serikali. Tulidhani ni ya wazungu. Ilikuwa inakwenda Wajir.

"Walinipigia saa kumi na mbili," Fatumo akasema. Hakuwa akisema na mimi wala na Guled. "Walisema watanisubiri mpaka Alasiri. Saa nne ningepanda. Saa tano ningekuwa hapa. Saa tano, hata maji hayajawekwa motoni." Akanigeukia. "Leyla. Jumatano ile ilipita?"

Jumatano ile maziwa yalikuwa yameshaletwa simu ilipoingia, na maziwa hayasubiri msiba, kwa hiyo alikaa mezani na watu wakaja kumpa pole pale pale. Nami nilikaa naye mpaka mchana. Ningeweza kumwambia sikumbuki. Lakini alishasema kuhusu ulimi wangu.

"Ilipita," nikasema.

"Tulisogeza mwavuli?"

"Tulisogeza, Fatumo."

Akakaa kwenye benchi. Hakulia. Ningependa angelia. Alikaa na mikono wazi mapajani akitazama ile ndege, ambamo vijana wawili walikuwa wakishusha maboksi ya dawa, ndege ndogo kweli, mabawa yake unaweza kuyagusa. Guled alinitazama akitaka nimweleze, nikamweleza kwa maneno machache nje ya kibanda. Maskini kijana alishika kichwa. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwambia dakika hamsini," kana kwamba amemchoma mtu kisu kwa bahati mbaya.

Niliporudi, Fatumo aliniomba simu. Yake ilikuwa kwenye pochi mbele ya macho yake, lakini aliomba yangu, nami nikapiga mwenyewe na kuweka sauti ya nje. Ilhan alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Hooyo? Mama, yamegeuka?"

"Hayajageuka."

Tulisikia pumzi ikimtoka. Tulisikia watoto wa chekechea wakipiga kelele nyuma yake. "Hooyo, alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Mko Eldas?"

"Tuko Wajir. Ilhan, ulijua ndege hii ilikuwako ayeeyo, bibi yako, alipofariki?"

Kelele za watoto zikapungua, nadhani alitoka nje.

"Ilhan."

"Nilikuambia, hooyo."

"Uliniambia nini?"

"Siku ile. Nilikuambia kuna ndege ya saa nne, baba yake rafiki yangu aliwahi kuipanda. Nilikuambia twende kiwanjani tuulize. Ulisema ndege si ya watu kama sisi. Nikasema tena, ukaniambia nikutoke mbele ya macho. Hooyo, nilikuwa nimeshavaa viatu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wallahi mpaka dakika ile nilikuwa nimesahau, na sijui mtu anasahauje jambo kama lile. Nilimwona yule msichana nyuma ya meza, wakati huo yuko mwaka wa kwanza chuoni, amesimama anaonyesha juu kwa kidole. Na nilikumbuka nani alicheka. Si Fatumo, Fatumo alikuwa na msiba. Ni mimi. Nilicheka nikamwambia, ondoka mtoto, hiyo ni ndege ya waheshimiwa, unataka mama yako akafukuzwe kama mbuzi aliyeingia msikitini? Na wanawake waliokuja kutoa pole wakacheka kidogo, kwa sababu kwenye msiba mtu hupenda kupata sababu ya kucheka. Ilhan akaenda zake. Ndege ikapita. Nikashika upande wangu wa mwavuli.

Nilitaka kusema pale pale. Nilifungua mdomo, Fatumo akanitazama, na nikaona anakumbuka pia. Anakumbuka kila kitu. Hakunilaumu, wala leo hajanilaumu, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Angenipiga kofi ningeshukuru.

"Mbona hukunivuta kwa nguvu?" akamwuliza mwanawe. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sijaisikia tena.

"Ningekuvutaje, hooyo? Wewe?"

Fatumo akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaishika kwa mikono yote miwili karibu na mdomo.

"Nisikilize. Olewa. Olewa Eldas, olewa popote. Maziwa sitaki kusikia habari zake tena. Lakini siku yangu ikifika, Ilhan, usimuulize mtu. Usiniulize hata mimi. Wakikuambia ni mbali, wakikuambia si ya watu kama sisi, wakikucheka, wewe panda."

"Hooyo, usilie."

"Silii," akasema, na sasa alikuwa akilia kweli, hadharani, kwenye kibanda cha watu. Gumato aliacha ufagio, akaja akakaa upande wake mwingine bila kuuliza lolote, akamshika bega.

Guled alisubiri mpaka akajifuta uso. Kisha akasema kwa heshima kwamba gari liko tayari, na tukiondoka sasa tutawahi Eldas kabla ya Adhuhuri kupita sana, wazee wanatungoja na mbuzi ameshachinjwa.

"Wazee watasubiri," Fatumo akasema. Akasimama, akanyoosha jilbabu lake. "Nipeleke kwanza kwa yule jirani aliyemwosha mama. Nilikaa naye wiki nzima nyumba moja, nikala chakula chake, na sikumwuliza. Nataka kujua alimwosha kwa maji ya moto au ya baridi."